Mita 100 Juu ni Nusu Uniti: Maisha na Gari la Stima Hapa Nyeri

Nataka kujibu swali ninaloulizwa kila mahali: kwa kinyozi, nje ya kanisa, hata kwenye foleni ya benki. "Hiyo gari yako ya stima ikijaa inaenda kilomita ngapi?"

Jibu langu huwa ni swali lingine: kwenda wapi?

Watu hudhani nafanya mzaha, na sifanyi. Kwa gari la petroli hapa Nyeri unaweza kuuliza kilomita kwa lita na ukapata jibu la maana, maana hata ukikosea kidogo kuna kituo cha mafuta mbele. Kwa gari la stima, kilomita peke yake haina maana katika nchi hii ya milima. Imenichukua muda kulielewa jambo hili kwa undani, na siku moja lilinisaidia usiku wa manane. Lakini tuanze na gari lenyewe.

Ni Nissan Leaf ya mwaka 2016, iliyotumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa. Niliinunua mwisho wa 2022. Kama magari mengi tunayoendesha huku, kila nikiliwasha linanisalimia kwa Kijapani na kulalamika kwamba sijaweka kadi ya kulipia barabara za kwao. Sina njia ya kulieleza kwamba barabara ya Mweiga hailipiwi. Betri ilipotoka kiwandani ilikuwa ya uniti 30. (Nitasema uniti humu kwa sababu ndivyo sote tunavyonunua tokeni. Uniti moja ya Kenya Power ni kilowati-saa moja kamili.) Leo nikipima, ninazoweza kutumia ni 21 hivi. Zilizobaki zimeliwa na umri.

Mimi si wa kwanza kuwa na gari kama hili Kenya. Nairobi zilikuwepo teksi za Leaf za NopeaRide kuanzia 2018 hadi kampuni hiyo ilipofunga shughuli mwisho wa 2022. Serikali nayo ilishapunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya stima kutoka asilimia 20 hadi 10 katika sheria ya fedha ya 2019. Lakini Nairobi ni Nairobi. Huku juu mambo ni tofauti, na tofauti yenyewe ni kimo.

Sasa tuje kwa dashibodi. Ile namba ya kilomita zilizobaki unayoiona kwenye skrini si kipimo, ni utabiri. Programu ya gari inaangalia umekuwa ukitumia stima kiasi gani katika kilomita zilizopita, inagawanya kilichobaki kwa kiasi hicho, basi, imemaliza. Kwenye mji tambarare nadhani inatosha kabisa. Hapa kwetu kilomita zilizopita na kilomita zijazo karibu kila mara ni kinyume. Ulikuwa unashuka, sasa utapanda. Programu haijui, na hakuna aliyeiambia kuna mlima.

Chukua safari ya kwenda Sagana. Nyeri iko kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Sagana iko karibu 1,200. Kati yake kuna kilomita kama 50 kupitia Karatina. Nikitoka na uniti 21, nafika Sagana nimetumia karibu 6 tu, nimebaki na 15, na dashibodi imefurahi kweli kweli: inaniambia nina zaidi ya kilomita 120! Ukiiamini, utaamua kupitia Kerugoya kumsalimia shangazi. Ukweli ni kwamba kurudi nyumbani kwa barabara ile ile kunataka uniti 10 na zaidi kidogo. Kwa hiyo kilomita halisi nilizo nazo nikiangalia upande wa nyumbani ni kama 73. Namba mbili, gari moja, dakika ile ile.

Hesabu yake si ngumu, ni ile ya kidato cha tatu. Uzito mara mvutano wa dunia mara kimo. Gari langu na watu wawili ndani ni kama kilo 1,650. Kuliinua mita 100 ni 1,650 mara 9.81 mara 100, unapata jouli milioni 1.6. Gawanya kwa milioni 3.6 ili upate uniti: 0.45. Ongeza kinachopotea kwenye mota na nyaya, unakaribia nusu uniti. Hiyo ndiyo kanuni ninayotembea nayo kichwani: mita 100 juu ni nusu uniti. Na kwa sababu kwenye tambarare gari hili linatumia uniti 15 kwa kilomita 100, nusu uniti ni kama kilomita 3 na kitu za barabara iliyonyooka. Ukiona kilima mbele yako, kihesabu kama safari.

Kushuka kunarudisha, lakini hakurudishi yote. Ukiachia pedali mota inageuka jenereta na kurudisha stima kwenye betri, na kwa vipimo vyangu mita 100 za kushuka zinanirudishia kama uniti 0.3. Kwa hiyo kila bonde unalovuka linakutoza kodi. Unashuka, unalipwa 0.3, unapanda upande wa pili, unalipa 0.5. Mtu wa Othaya au Mukurweini anajua barabara zetu zina mabonde mangapi.

Halafu kuna jambo lililonichekesha nilipolielewa. Betri iliyojaa haiwezi kupokea kitu. Ukichaji mpaka asilimia 100 hapa mjini kisha ukaanza kuteremka kuelekea Karatina, kile kipawa cha mteremko kinapotea bure, na breki za kawaida ndizo zinafanya kazi na kupata moto. Kwa hiyo nikienda upande wa chini sijazi. Naacha kama asilimia 10 au 15 wazi, kama mtu anayeacha nafasi kwenye kikapu kwa sababu anajua mbele kuna shamba la nduma. Nikienda Nanyuki najaza kabisa, maana huko ni kupanda: Nanyuki iko juu yetu kama mita 200, na karibu na Naro Moru barabara inafika karibu mita 2,000.

Basi, kwa kuwa mimi ni mwandishi wa programu na nina tabia ya kutengeneza kitu kwa wiki mbili ili nisifanye hesabu ya dakika mbili, niliandika programu ndogo kwa Python. Chini ya usukani kuna tundu la OBD, lile ambalo fundi huchomeka kifaa chake akitafuta hitilafu. Unanunua kidude cha Bluetooth cha bei ndogo, unachomeka, na simu yako inaanza kusoma mambo ambayo dashibodi inakuficha: uniti zilizobaki, joto la betri, volti ya kila seli. Programu ya simu inaitwa LeafSpy na inaweza kuhifadhi kila kitu kwenye faili. Upande wa pili nachukua njia kutoka kwa ramani, na vimo kutoka kwa data ya SRTM, ile iliyopimwa kwa rada na chombo cha anga cha Endeavour mwezi wa Februari 2000 na ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure.

Data hiyo ina vituko vyake. Kila nukta ina kelele ya mita chache juu au chini, na ukijumlisha tu kila mpando, kelele inageuka milima ambayo haipo. Njia tambarare ya kilomita 10 inakutolea mpando wa mita 150 kutoka hewani. Na madaraja! Rada iliona bonde, haikuona daraja, kwa hiyo kulingana na data mimi hushuka mpaka mtoni kisha nikaruka juu kama swala. Dawa ni kulainisha: nachukua wastani wa nukta kadhaa kabla ya kujumlisha, na nikipita kwenye daraja nachora mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Baada ya hapo utabiri wangu na vipimo vya gari ulikaribiana sana, tofauti ya kama nusu uniti kwenye safari ya kilomita 50. Kwa programu ya mistari 200 hivi sina malalamiko.

Nikiwa kwenye mambo ya programu, hebu niwape kisa cha New Zealand, kwa sababu kinawahusu wote wenye Leaf za uniti 30 kama yangu. Huko nako wananunua sana magari yaliyotumika Japani. Kikundi kimoja kinaitwa Flip the Fleet kilikuwa kikikusanya takwimu kutoka kwa wenye magari wenyewe, na mwaka 2018 kikatangaza kwamba betri za uniti 30 zinaonekana kuzeeka haraka kuliko zile za zamani za uniti 24. Watu wakaingiwa na hofu. Nissan walipochunguza wakasema kosa kubwa liko kwenye programu inayopima betri na wakatoa toleo jipya. Betri nyingi "zilipona" bila kuguswa! Ukinunua Leaf ya miaka hiyo, kabla ya kulia kwamba betri imekufa, uliza kama programu ile imebadilishwa. Leaf haina maji ya kupoza betri, inategemea hewa tu, ndiyo maana joto kali huiumiza, kama wenye Leaf wa Arizona walivyoanza kulalamika mwaka 2012. Kwa hilo baridi yetu ni baraka. Betri yangu sijaiona ikipita nyuzi 30 kwa matumizi ya kawaida. Wakati wa gathano mwili wangu ndio unaoumia, maana kipasha joto cha gari kinakula stima kama mkwe mpya, kwa hiyo naendesha na jaketi na kofia ya sufi, na kioo nakifuta kwa kitambaa.

Swali la pili ninaloulizwa ni la mizigo. Mzee mmoja wa Karatina aliniambia wazi: "Hii ni gari ya kubeba handibegi." Nikamwonyesha hesabu. Gunia la viazi la kilo 50 kutoka Sagana hadi Nyeri linapanda mita 550. Hiyo ni uniti 0.075. Ongeza kinachopotea njiani na msuguano wa tairi, bado hujafika hata uniti 0.15. Kwa bei ninayonunua tokeni nyumbani, shilingi 1,000 kwa uniti thelathini na kitu, gunia zima limepandishwa kwa chini ya shilingi 5. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama naweza kumbebea matatu. Nilibeba. Nafasi ndiyo ilikuwa shida, stima haikuwa shida.

Kuhusu gharama sitakaa sana kwa sababu kila mtu ameshaandika. Gari langu la zamani lilikunywa lita 7 au 8 kwa kilomita 100. Septemba 2023, EPRA ilipotangaza petroli shilingi 211.64 Nairobi, hiyo ingekuwa kama shilingi 1,600. Kwa Leaf ni chini ya 500. Tangu Aprili 2023 kuna hata bei maalumu ya stima ya magari, na usiku ni nusu ya mchana. Sababu yake inaeleweka: mvuke wa Olkaria hautulii usiku eti kwa kuwa sisi tumelala. Lakini bei hiyo inataka mita yake peke yake, na mimi kwa uniti 150 kwa mwezi niliona nibaki kwenye mita ya nyumba.

Jambo ambalo sijaona likiandikwa ni la mita ya mama.

Mama yangu anaishi ng'ambo ya Othaya, kwenye majani chai. Kutoka kwangu ni kilomita 24. Yeye peke yake, na taa zake, redio, simu na friji ndogo, hutumia uniti 22 kwa mwezi. Sasa, kwenye bei za stima, anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi yuko kwenye kundi la bei nafuu. Akipita 30 anaingia kundi la pili, akipita 100 la tatu, na wanaangalia wastani wa miezi mitatu. Yaani mimi kijana wake nikija na gari langu, nikachomeka usiku mmoja tu na kunywa uniti 12, na nikarudia kila wiki, nimempandishia bei ya kila uniti anayotumia, hata ile ya kuchemshia maji ya chai! Nilipiga hesabu hii kabla ya kuchomeka mara ya kwanza. 30 toa 22 ni 8. Tukaacha mbili za akiba, maana wajukuu wakija TV hailali. Kwa hiyo zawadi ninayoweza kupokea kwa mama bila kumharibia ni uniti 6 kwa mwezi. Mama haamini. Anaona ni adabu mbaya mtoto kuja nyumbani na kukataa stima, kama kukataa chakula.

Soketi yake pia nilimwita fundi aibadilishe kwanza. Kebo yangu inavuta ampea 10 kwa saa nyingi mfululizo, na soketi ya zamani iliyolegea inapata moto. Ukishika plagi baada ya saa moja na ikakuchoma, chomoa, mwite fundi. Hilo msilipuuze jamani.

Sasa nifike kwenye usiku nilioutaja. Mtu aliyelelewa huku anajua kwamba gari kijijini si lako. Ni la boma lote na maboma jirani. Kuna mazishi, kuna ruracio, kuna mtoto wa shule mwenye sanduku, na zaidi ya yote kuna hospitali usiku. Ukinunua gari unaingia kwenye orodha ambayo haijaandikwa popote, na hodi inaweza kupigwa saa yoyote. Nilipoleta hii Leaf mara ya kwanza, niliona wazee wakiliangalia na kuwaza jambo moja: je, hili ni gari au si gari? Yaani, tukikugongea saa nane za usiku litatoka?

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba. Nilikuwa nimezunguka mchana kutwa, Othaya, Mukurweini na kurudi, nikifikiri nitaongeza uniti zangu chache usiku. Jioni mvua na upepo vikaangusha mti kwenye waya huko chini, stima ikapotea kijiji kizima. Saa saba za usiku hodi. Ni jirani wa boma la chini, mtu wa miaka hamsini hivi, na tochi ya simu. Shosho, mama yake, alikuwa hawezi kupumua vizuri tangu jioni na sasa midomo imebadilika rangi. Jamaa mwenye Probox alikuwa ameenda Nairobi na mboga. Boda boda haikuwezekana, shosho hangeweza kukaa. Akaangalia gari, akaniangalia. "Kijana, na stima imepotea. Hii kitu yako itafika Nyeri?"

Nilikuwa na asilimia 31. Hiyo ni uniti 6.5. Dashibodi ilisema kilomita 36, lakini dashibodi ilikuwa imeshinda ikipanda na kushuka huko Mukurweini, sikuwa na sababu ya kuiamini wala kuikataa. Nikafungua simu. Njia ile nilikuwa nayo kwenye programu kwa sababu naipita kila mara: kilomita 24, kushuka jumla mita 420, kupanda jumla mita 300, kwa sababu ya bonde la Gura na mengine madogo. Nikaweka watu wanne. Ikatoa uniti 4.1, utafika na asilimia 11. Nikamwambia, "Itafika. Haitarudi usiku huu, lakini itafika."

Hakuuliza nimejuaje. Alikwenda kumbeba mama yake.

Niliendesha kilomita 50 kwa saa, kipasha joto kimezimwa, shosho amefunikwa mablanketi mawili ya mama yangu. Gari halina kelele, kwa hiyo tulikuwa tunasikia kila pumzi yake. Hilo ndilo jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kamwe kuhusu gari la stima. Kwenye gari la petroli injini inakufichia. Tulipoanza kuutoka bonde la Gura taa ya njano ikawaka na gari likaanza kunionya kwa Kijapani. Jirani akashtuka. "Anasema nini?" Nikamwambia anasema tuko karibu. (Sijui alichosema.) Tulifika hospitali ya rufaa ya kaunti na asilimia 10. Shosho akawekewa oksijeni mara moja. Mimi nikateremka polepole mpaka kwangu, nikachomeka, nikarudi kwa miguu kukaa na jirani mpaka asubuhi.

Shosho alikaa wodini siku tisa na kurudi nyumbani. Anasema alikuwa anadhani tumezima gari na tunasukumwa.

Baada ya hapo nilibadilisha mambo mawili. La kwanza, nilipiga hesabu ya kwenda na kurudi. Kurudi kijijini ni ghali kwa sababu ndiko juu: kama uniti 4.8. Jumla 8.9. Kwa hiyo nikilala kwa mama gari halishuki chini ya asilimia 45, iwe stima ipo au haipo. Nikitaka kuzungukia watu huko napanda boda boda, na gari linakaa chini ya mparachichi likisubiri hodi. Mke wangu anasema nimenunua ambulensi. La pili, kidude cha Bluetooth kina tabia ya kunyonya ile betri ndogo ya volti 12 kikiachwa kimechomekwa, na hiyo ikifa gari zima halifunguki hata kama betri kubwa imejaa. Kinachomolewa kila usiku.

Kuna wanaonikumbusha usiku wa 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipolala gizani na hata uwanja wa ndege wa JKIA ukazima taa. "Sasa ungefanya nini wewe?" Usiku ule nilikuwa na asilimia 70 uani, ya kunitosha siku tatu za kazi. Pampu ya petroli nayo inaendeshwa kwa stima, na si kila kituo kina jenereta.

Nairobi ndiyo siendi na gari hili, nisiwadanganye. Ni kilomita 150 hivi, na ingawa Nairobi na Nyeri ziko karibu kimo kimoja, katikati kuna shimo la Sagana, kwa hiyo unashuka mita 550 na kuzipanda tena. Programu inasema uniti 23 na kitu hata kwa mwendo wa pole. Sina 23. Naacha gari nyumbani, napanda matatu, nasoma kitabu.

Na uniti 21 hazitabaki 21. Ramani yangu inasinyaa kuanzia chini. Nikifika uniti 16, Sagana na kurudi itakuwa imekwisha. Nikifika 14, Nanyuki nitaenda kama kuna mtu wa kunichajia huko. Kuna mafundi Nairobi wanaobadilisha seli mbovu moja moja, na pengine nitawaona. Lakini juzi niliweka namba nyingine kwenye programu: je, ikibaki na uniti 12 tu, gari ambalo hakuna mtu Nairobi angelinunua, bado linaweza kwenda hospitali kutoka kwa mama na kurudi usiku mmoja? 8.9 kutoka 12. Linaweza, na linabaki na 3.

Nilimwambia mama kwamba mwaka huo ukifika gari litahamia kwake, na nitaweka paneli za sola juu ya zizi la ng'ombe ili tusiguse uniti zake 30. Hakusema kitu. Jana akanipigia simu kuuliza shule ya udereva pale Othaya wanatoza ngapi.